Mpira wangu unadunda kama uko ndani ya maji, nakosea wapi kwenye vifremu?

mwanagenzi_wa_tufe

Habari zenu wakuu. Mi ndo naanza animesheni, natumia Blender (programu ya 3D), kuunda maumbo madogo madogo nimeshazoea, sasa nimehamia kwenye kuyafanya yatembee na hapo ndo nimekwama kabisa. Kila video ya mafunzo inakwambia anza na mpira unaodunda, rahisi, dakika kumi umemaliza. Mi leo siku ya nne.

Nilichofanya ni hiki. Nimeweka tufe kama linavyokuja lenyewe, ukubwa sikugusa, nikalipandisha Z (urefu wa juu-chini) ikawa 6, kwenye fremu ya 1 nikaweka kifremu (alama inayorekodi kitu kiko wapi kwenye fremu hiyo). Nikaenda fremu ya 25 nikalishusha Z ikawa 1 ili liguse sakafu, kifremu. Fremu ya 49 nikalirudisha 6, kifremu. Hesabu yangu ilikuwa fremu 24 ni sekunde moja kwaio sekunde moja kushuka, sekunde moja kupanda. Nikicheza naona puto. Linashuka taratiiibu, likikaribia sakafu ndo kabisa linapunguza mwendo kama linaogopa kuumia, afu linapanda taratibu tena.

Nikasema labda vifremu ni vichache, nikaanza kuongeza katikati, kila fremu tatu nne nasogeza kidogo naweka, nasogeza naweka, saivi viko arobaini na kitu na hali imekuwa mbaya zaidi maana sasa unaelea NA unatetemeka. Nikafungua lile dirisha la grafu linaloonyesha mwendo kama mstari, nikavutavuta vile vimikono vya kukunja mstari bila kujua nafanya nini, mpira ukaanza kuzama chini ya sakafu afu unaibuka kama kiboko.

Jingine, kuna wakati nauweka mpira mahali pazuri kabisa, nikigusa tu taimlaini (ule ukanda wa namba za fremu) unaruka kurudi ulikokuwa, kazi yote imepotea. Hii ni hitilafu ya programu au ni mimi?

Na mnajuaje kifremu kikae fremu ya ngapi? Kuna kanuni au ni kubahatisha tu?

fasta_fasta

Chagua vyote, bonyeza T, weka linia. Kwisha habari.

bi_grafu

Fasta, linia haitamsaidia, itamtoa kwenye puto impeleke kwenye lifti. Mpira utashuka kwa mwendo uleule mmoja mwanzo mpaka mwisho afu unageuka ghafla kupanda kwa mwendo uleule, hakuna kitu duniani kinaanguka hivo.

Mwanagenzi, kwanza futa vile arobaini. Najua inauma ila futa. Una matatizo mawili tofauti na wewe umeyachanganya ukadhani ni moja, ndo maana kila ukitibu hili lile linazidi.

La kwanza ni muda. Hesabu yako ya sekunde moja si mbaya kwenye karatasi, kitu kikiachiwa kinaanguka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza na mpira wako umeshuka kutoka 6 mpaka 1, yaani mita 5 kamili, kwaio programu inakwambia uko sahihi. Sasa angalia ukubwa wa tufe lako. Likija lenyewe lina upana wa mita 2! Hilo si mpira, hilo ni jiwe la kuziba pango. Kinachotazama ile video ni jicho na jicho halioni mita, linaona mpira, na kichwani mpira wa miguu una upana wa sentimita 22 hivi. Mpira wako unaanguka umbali wa mara mbili na nusu ya upana wake, kwa mpira wa miguu hiyo ni kama sentimita 55 tu, na kuanguka sentimita 55 kunachukua theluthi ya sekunde. Fremu 8. Wewe umempa fremu 24, mara tatu zaidi, lazima uelee.

Unaweza kulipunguza tufe liwe na ukubwa wa kweli, lakini kwa zoezi hili liache, badili namba za fremu tu. Kile cha fremu ya 25 kivute kwenye taimlaini mpaka fremu ya 9. Kukivuta hakubadilishi mpira uko wapi, kunabadilisha unafika lini, na hii ndo raha yenyewe ya taimlaini, watu wengi wanafuta kifremu na kukiweka upya wakati kingesogezwa tu kwa kitufe cha G kama unavyosogeza kitu kingine chochote.

La pili ni jinsi mwendo unavyogawanyika katikati, na hapa ndo ule woga wa kuumia unakotoka. Wewe umeiambia kompyuta vitu viwili tu, fremu ya 1 uwe juu, fremu ya 9 uwe chini. Fremu 7 za katikati hujasema chochote kwaio inajijazia yenyewe, na bila kuelekezwa inajaza kwa mkunjo laini, inaanza taratibu, inakolea katikati, inamaliza taratibu. Kwa mkono wa mtu unaochukua kikombe ni sawa kabisa. Kwa mpira ni nusu sawa. Kule juu sawa, maana kweli mpira ukifika kileleni unasita. Chini ni kosa, mpira unafika sakafuni ukiwa na kasi kuliko wakati wowote mwingine.

Kwaio fungua grafu, tafuta mstari wa Z peke yake (ficha mingine, utachanganyikiwa), chagua kile kitone cha chini, bonyeza V uchague huria, maana unataka mkono wa kushoto na wa kulia kila mmoja uende kivyake. Vyote viwili vivute juu mpaka pale chini pawe kama ncha, kama herufi V yenyewe. Kileleni usiguse, pabaki mviringo kama kilima.

Utajuaje umevuta vya kutosha? Kitu kinachoanguka, nusu ya muda wake wa kwanza kinamaliza robo tu ya njia, robo tatu zilizobaki zote zinaliwa na nusu ya pili. Nenda fremu ya 5, katikati ya 1 na 9, angalia Z. Mpira unatakiwa uwe umeshuka robo ya mita 5, yaani 1.25, Z isome karibu 4.75. Ikisoma 3.5 umerudi kwenye lifti ya fasta 😂

Kuzama chini ya sakafu ni hivyo vimikono ulivyovuta. Kitone chenyewe kiko sakafuni sawa, ila ukivuta mkono mmoja kwenda chini mstari unapita chini ya kitone kabla ya kukifikia. Kompyuta haijui kama kuna sakafu pale, inafuata mstari tu.

mwanagenzi_wa_tufe

Dah bi grafu, hiyo ya tufe la mita mbili imenimaliza. Nimesogeza tu kutoka 25 kwenda 9 kabla hata sijafungua grafu na tayari umeanza kufanana na mpira. Natoka kidogo nikirudi nafanya hayo ya mikono.

Ila lile la kurudi kwenye nafasi ya zamani?

kidole_cha_I

Hilo nikujibu mimi maana lilinitesa mwezi mzima. Si hitilafu. Ukishakiwekea kitu hata kifremu kimoja, kuanzia hapo anayekimiliki ni ule mstari, si wewe tena. Wewe unaweza kukisogeza kwa kipanya na programu inakuvumilia, ila ukihama fremu tu inauliza mstari "fremu hii kitu kiwe wapi", mstari unajibu, na ulichosogeza kwa mkono kinafutwa. Ndo maana unasogeza KISHA unaweka kifremu KISHA unahama, kwa mpangilio huo huo.

Kuna dalili ya rangi ambayo hakuna aliyenionyesha. Bonyeza N pale pembeni ufungue namba za mahali. Sanduku likiwa njano maana yake hapa kuna kifremu. Kijani, hiki kinahuishwa (kina animesheni) ila kwenye fremu hii hakuna kifremu. Rangi ya chungwa, umebadilisha na HUJAREKODI, ukihama imekula kwako. Mi sasa siangalii hata mpira, naangalia rangi.

Na kuhusu I, kitufe cha kuweka kifremu, kama video unazofuata ni za zamani utaona mwalimu anabonyeza I inatokea menyu, wewe ukibonyeza haitokei kitu unadhani kompyuta imegoma. Kuanzia toleo la 4.1 I inaweka moja kwa moja mahali, mzunguko na ukubwa vyote pamoja, menyu imehamia K. Kwa hiyo hapo ulipo una uwezekano mkubwa una vifremu vya mzunguko na ukubwa ambavyo hukuvitaka hata kimoja. Ukitaka Z peke yake kliki kulia juu ya namba ya Z uchague kuweka kifremu kimoja.

Kile kitufe cha duara cha kujirekodi chenyewe, kwa sasa kizime. Kizuri ukishazoea, ila kwa mgeni unasahau uko fremu ya 17, unasogeza mpira kidogo tu uone kilicho nyuma yake, kimesharekodi. Nina hakika nusu ya wale arobaini wako walizaliwa hivyo.

mzee_wa_karatasi

Naomba kupingana kidogo na bi grafu, kwa heshima zote. Hesabu zake sina ubishi nazo. Mpangilio ndo nabishana nao. Mtu wa siku ya nne unamwingiza kwenye grafu na mikono huria? Mimi nilianzia kwenye kuchora kwa mkono kabla ya kuhamia kompyuta, na hili neno lenyewe limetoka huko. Mchoraji mkuu alikuwa anachora mikao muhimu tu, pale mwendo unapoanza, unapogeuka, unapoishia, afu wasaidizi wanajaza karatasi za katikati. Mikao ikiwa mibovu hakuna msaidizi wa kuiokoa. Leo msaidizi ni kompyuta, na nikuambie ukweli ni msaidizi mtiifu sana asiye na akili hata kidogo.

Kwaio kijana fanya hivi. Chagua vifremu vyote, T, weka konstanti. Hapo kompyuta haijazi chochote, mpira unakaa ulipo mpaka kifremu kinachofuata afu unaruka, tap, tap, tap. Unaonekana wa ajabu lakini sasa unasikia mdundo wenyewe, muda umekaa uchi mbele yako hauna laini ya kujifichia. Gonga meza kwa kidole huku unatazama. Ukiridhika na mdundo ndo urudishe laini, na hapo ndo uende kwa bi grafu na mikono yake.

Na usidharau kuhesabu kwa mdomo. Chukua mpira wa kweli uudundishe, usikilize. Midundo inasogeleana, ta……ta…..ta…ta.ta. Hakuna aliyewahi kusikia mpira unadunda kwa nafasi sawa kama saa ya ukutani.

bi_grafu

Mzee umenikamata, kweli konstanti kwanza. Mi huwa naruka hiyo hatua kwa uvivu, afu najuta nikiwa na mhusika mwenye viungo hamsini.

Hiyo ta-ta-ta ngoja nimpe namba zake asibahatishe. Mwanagenzi, tuseme kila mdundo unapanda nusu ya urefu wa ule uliopita. Usikate na muda nusu! Hapa wengi wanakosea. Urefu ukiwa nusu, muda unakuwa kama asilimia 70 ya uliopita. Ulianza na fremu 8 za kushuka, ifuatayo ni 6 kupanda na 6 kushuka, afu 4 na 4, afu 3 na 3. Kupanda na kushuka kwa mdundo mmoja ni sawa siku zote.

Ukiziweka kwenye taimlaini zinakuwa hivi, juu fremu ya 1, sakafu 9, juu 15, sakafu 21, juu 25, sakafu 29, juu 32, sakafu 35. Z ya juu ni 6, kisha 3.5, kisha 2.25, kisha 1.6, na sakafu daima 1 kwa sababu kitovu cha tufe kiko mita moja juu ya ngozi yake ya chini. Vifremu 8. Sekunde moja na nusu hivi. Linganisha na arobaini na kitu vyako.

Ukitaka uende pembeni huku unadunda, mstari wa X (wa kwenda pembeni) unataka vifremu viwili TU, cha 1 na cha 35, na hapo sasa fasta ana haki yake, linia. Usiweke X kila mpira unapogusa sakafu, ndo inakuja ile kuchechemea unayoiona kwenye kazi za wanaoanza, mpira unasita kwenda pembeni kila ukigusa sakafu.

fasta_fasta

Nimekubaliwa hata kwa X, naondoka nimeshinda 😎

neno_kwa_neno

Samahani naingilia, mi sijui animesheni ila nimefurahi kuona watu wanaandika kifremu na vifremu bila wasiwasi. Ni kama kipilefti na vipilefti, neno limekuja na "ki" yake mbele, Kiswahili kikadhani ni ngeli ya KI-VI kikalichukua mazima. Endeleeni.

mzee_wa_karatasi

😂 Na mwenye kukosa nidhamu ya kuviweka ana makifremu.

mwanagenzi_wa_tufe

Nimerudi. Nimefuta yote, nimeweka 8, konstanti kwanza kama alivyosema mzee, nimegonga meza, afu laini, afu mikono. Fremu ya 5 ilisoma 4.1 nikavuta tena mpaka 4.7 na kitu. MPIRA UNADUNDA. Nimeucheza mara hamsini.

Ila sasa nikiweka sakafu ya mbao na mwanga unarudi kuwa mzito tena, na vifremu sijagusa kabisa, naapa.

kidole_cha_I

Hapo vifremu havina kosa, ni kompyuta imechoka. Angalia kona ya juu ya dirisha, kuna namba ya fremu kwa sekunde wakati unacheza, ikiwa nyekundu maana yake imeshindwa kufikia 24. Kawaida programu inaonyesha kila fremu bila kuruka hata kama inachelewa, kwaio mpira wa sekunde moja na nusu unaona wa sekunde nne. Kwenye menyu ya uchezaji pale kwenye taimlaini badilisha iwe ya kurukaruka fremu, utaona inakatakata ila muda utakuwa wa kweli. Au rudi kwenye mwonekano wa kijivu usio na mwanga wakati unahuisha, mapambo ya nini saa hizo.

Usije ukarekebisha vifremu kwa kufuata uchezaji mzito! Nimewahi kuharakisha tukio zima kwa sababu laptopu ilikuwa inajikokota, nikarenda (nikatoa video ya mwisho), watu wangu wakawa wanakimbia kama wamewashwa na upupu.

Na amua mapema fremu ngapi kwa sekunde. Vifremu vinashikilia namba ya fremu, havishiki sekunde. Ukihuisha kwa 24 afu ukabadilisha iwe 30, cha fremu ya 48 kilichokuwa sekunde ya 2 kinaangukia sekunde 1.6, kila kitu kinakwenda mbio na hujagusa kitu.

mwanagenzi_wa_tufe

Sawa, kwenye mwonekano wa kijivu umekaa vizuri kabisa. La mwisho kabisa kabla hamjanichoka. Nimejaribu gurudumu linalozunguka bila kukoma, fremu ya 1 mzunguko 0, fremu ya 24 mzunguko 360, video inajirudia. Kila likimaliza duara linasita kidogo, kama limekanyaga kijiwe. Nimeweka na linia tayari, kusita kumepungua ila hakujaisha.

bi_grafu

Kwa sababu 0 na 360 ni mkao uleule. Fremu ya 24 na fremu ya 1 zinafanana, kwaio kila ikijirudia unaona picha moja mara mbili, hicho ndo kijiwe chako. Kifremu cha 360 kisogeze fremu ya 25, afu mwisho wa taimlaini uache 24. Ile ya 25 haichezwi kamwe, ipo tu kuwaonyesha wengine njia.

mwanagenzi_wa_tufe

Limeacha kusita!!! Naenda kuweka la pili nyuma yake niwe na baiskeli.

mzee_wa_karatasi

Kabla ya baiskeli, mpira mwepesi na mpira wa chuma, yote miwili, vifremu visizidi 10 kila mmoja. Ulete hapa tuone.